Mall ya mtaani kwenu wanataka kujenga kwenye paking? Hivi ndo mnavyotoa maoni yakafika

Wakuu habari za jioni. Wiki hii watu watatu tofauti wameniuliza sisi huku kwetu tulifanyaje, na badala ya kumjibu kila mmoja na voisi noti ya dakika nane nimeona niandike mara moja iishe. Mall yenyewe siitaji jina maana faili bado liko mezani na sitaki ugomvi na mtu, jueni tu ni hapa Dar, upande wa Bagamoyo Road, paking kubwa ya lami mbele, maduka nyuma, alafu ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta ndo sisi.

Niseme mapema msije mkanishangaa mbele: mi binafsi napenda wajenge. Ile lami siku za katikati ya wiki iko tupu, jua la saa nane likipiga unaweza kukaangia yai, na mji huu watu wanatafuta nyumba mpaka Bunju na Kibaha huko. Alafu mabasi ya mwendokasi yakishafika barabara hii vizuri hata sababu ya kuacha eneo lote lile kwa ajili ya magari kulala inapungua. Kwa hiyo hii sio posti ya kuwafundisha kuzuia. Ni ya kuwafundisha kupata kitu, kwa sababu wanaokwenda na neno "hatutaki" peke yake wanarudi mikono mitupu na ghorofa linapanda vilevile.

Kiwanja sio chetu. Hilo limezeni kwanza. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndo mdhamini, mwenye hati amepewa kuitumia kwa miaka kadhaa na kwa masharti, na kwenye hati pameandikwa matumizi yake ni nini. Sasa hapo kwenye matumizi ndo pa kushika. Kama hati inasema biashara tu na jamaa anataka kuweka apatimenti, inabidi aombe kubadilisha matumizi, na maombi ya namna hiyo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 hayapiti kimya kimya, kunatolewa tangazo na mtu mwenye pingamizi anapewa muda wa kulileta. Tangazo linaweza kuwa gazetini ambalo hakuna mtu mtaani kwenu analisoma, au kibao kidogo kimefungwa kwenye uzio, kimepauka, nyuma ya kibanda cha vocha. Sisi cha kwetu aliyekiona ni kijana wa bodaboda, alikuwa anajikinga mvua. Akapiga picha akatuma grupu la mtaa na maneno "hiki nini tena wazee". Bila yeye tungeshtuka mabati yameshazungushwa, na mabati yakishazungushwa mjue mnachelewa.

Basi ukishaona dalili, cha kwanza tafuta kujua kinachojengwa ni nini hasa. Grupu letu lilikuwa na matoleo manne ndani ya siku mbili: hoteli, apatimenti ghorofa kumi na tano, sheli, na mzee mmoja akaapa ni stendi. Watu wakaanza kukusanya saini za kupinga sheli ambayo haipo popote isipokuwa kwenye simu zao. Ukienda ofisini na maneno ya grupu unarudishwa na maneno ya grupu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwone mtendaji, salimia vizuri, muulize kama kuna mradi umeletwa na omba namba ya kiwanja na kitalu. Namba hiyo ndo ufunguo, ukiwa nayo unaenda idara ya mipango miji ya manispaa unauliza vitu vitatu tu: matumizi yaliyosajiliwa ni yapi, kuna maombi ya kubadilisha au ya kibali cha ujenzi, na yamefika hatua gani. Na muwe na uhakika ni manispaa gani jamani, maana Kinondoni na Ubungo kuna sehemu zinatenganishwa na barabara moja tu, na Ilala tangu 2021 ndo Jiji la Dar es Salaam lenyewe. Wakikupiga danadana, andika barua ya kuomba taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kukujibu. Sio lazima ukaitaje kwa ukali, iweke tu mstari mmoja chini, wataiona.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi, kuhesabu. Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo penye nguvu.

Chukua daftari la kawaida la shule, chora mistari. Nendeni wawili wawili, Jumanne saa nne asubuhi, Ijumaa saa moja usiku, Jumamosi saa kumi na moja jioni, na lazima muweke siku moja ya tarehe za mshahara, kwa sababu paking ya tarehe 27 na paking ya tarehe 15 ni paking mbili tofauti kabisa. Andikeni magari mangapi yamepaki, na nafasi ngapi ziko wazi. Sisi Jumanne ile zaidi ya nusu ilikuwa tupu, Jumamosi watu wanapigiana honi kwenye geti, na kama tungehesabu Jumamosi peke yake tungejidanganya wenyewe alafu injinia wao angetuumbua mbele ya watu, maana na wao wanahesabu.

Ila msihesabu magari tu. Tuliweka safu ya boda, safu ya bajaji, na safu tuliyoiita "wapita njia", na hii safu ya mwisho ndo ilitushangaza ikajaa mpaka tukageuza karatasi. Watu hawana gari, hawanunui kitu, wanakatiza tu kutoka geti la nyuma kwenda kituoni. Wanafunzi, wadada wa usafi wanaoingia kazini, kina mama wanaotoka gengeni. Saa kumi na mbili asubuhi kuna kikundi cha mazoezi, Jumapili kuna watoto wanajifunza baiskeli na baba mmoja anamfundisha mkewe gari, kila wiki, na kila wiki wananuniana. Mlinzi akatuuliza mnahesabu nini, tukamwambia, akatuvutia kiti cha plastiki chini ya mti wa mkungu, yeye mwenyewe akaanza kutusaidia: "huyo mwandikeni, huyo anapita mara nne kwa siku."

Na hesabu za eneo mzijue kidogo ili msidanganywe. Nafasi moja ya gari ni kama mita mbili na nusu kwa tano, ukijumlisha njia za kupita na kugeuzia kila gari linakula kama mita za mraba 25 mpaka 30. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ekari moja ya paking inabeba magari kama 130 mpaka 160. Mtu akisimama akakwambia "tutajenga minara miwili na paking itabaki vilevile", mwulize itabaki wapi, chini, juu, au mtaani kwetu? Kama ni chini ya ardhi, hilo ni shimo, na shimo lina maswali yake nitayafikia.

Alafu maji. Mkazi wa Dar hafundishwi habari ya maji, masika ya Machi mpaka Mei tunayajua, vuli tunaijua, lakini wengi tunalalamika bila kipimo. Kipimo ni rahisi mno: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Basi ekari moja ya lami ikipigwa mvua ya milimita 50, ambayo masika sio ya ajabu, ni lita laki mbili na zaidi. Maboza ishirini ya lita elfu kumi kumi, yanamwagwa kwa masaa machache, na lami hainywi hata kikombe. Yanakwenda wapi? Kwetu yanakwenda kwenye kalavati moja jembamba ambalo nusu yake limejaa chupa za maji na magunzi, alafu yanaingia kwa jirani yangu sebuleni. Kwa hiyo tulipoenda hatukusema ujenzi utaleta mafuriko. Tulisema mafuriko tayari yapo, yanatoka kwenye lami yenu, na kwa kuwa sasa mnaifumua tunaomba wekeni tenki la kuhifadhi maji ya mvua na mpanue mtaro mpaka pale unapokutana na wa barabara kubwa. Mnaona tofauti? Mtu ukimwambia mradi wako ni mbaya anajitetea, ukimwambia mradi wako ndo nafasi ya kurekebisha kitu kilichoharibika anaanza kupiga hesabu ya bei.

Majitaka pia ulizeni, mitaa mingi yetu haina bomba la majitaka, ni mashimo na magari ya kunyonya. Nyumba mia moja kwa shimo lipi?

Mkutano wa mtaa. Hapa nina mengi. Kwanza muda: ukiitwa mkutano Jumatano saa nne asubuhi jua watakuja wastaafu na wajumbe tu, wenye maduka hawaji, boda hawaji, dada anayeuza chapati getini ndo kabisa, na hao ndo wanaopoteza riziki. Tulimwomba mwenyekiti wetu, na huyu tumemchagua Novemba 2024 kwa hiyo bado anasikia, akaweka Jumapili saa kumi na nusu, watu wametoka kanisani, alasiri imeshaswaliwa, na kabla ya magharibi tumemaliza. Angalieni na ratiba ya ligi. Ukiweka mkutano siku ya Simba na Yanga umejitakia mwenyewe.

Wa kampuni walikuja watatu, mmoja msanifu na kalamu na karatasi. Saa nzima ya kwanza ilikuwa kelele, hatutaki maghorofa, mnatuchungulia vyumbani, mtatuletea wahuni, mzee mmoja akaanza historia ya kiwanja tangu enzi za mashamba ya minazi. Mi nilikaa karibu na yule msanifu nikawa namwangalia mkono. Saa nzima kalamu haikugusa karatasi. Anatikisa kichwa tu kwa heshima. Alafu akasimama bibi mmoja, ana fimbo, akasema taratibu: "Wanangu, mimi naomba kuuliza jambo moja tu. Lile geti la nyuma mtalifunga? Maana nikipita pale nafika zahanati kwa miguu, mkilifunga inabidi nizunguke barabara kubwa na mimi kuvuka siwezi." Kimya. Msanifu akauliza, "Bibi, unapita saa ngapi?" Bibi akajibu, saa mbili asubuhi, Jumatatu na Alhamisi. Kalamu ikaandika.

Toka hapo nikawa nawaambia watu kabla hawajasimama: taja mahali, taja saa, taja unachotaka. "Vumbi litatuua" haiandikiki. "Malori ya kokoto yasipite mtaa wa shule kati ya saa moja na saa mbili asubuhi" inaandikika. Tuliwapanga wazungumzaji sita, kila mmoja na jambo lake, mwenyekiti wa kijiwe cha boda akaombea nafasi ya boda kumi ndani ya mchoro badala ya kusukumwa barabarani wakawa wanakimbizana na mgambo, mama ntilie wakaombea eneo lenye kivuli na maji. Baada ya ile hamishahamisha ya machinga ya 2021 kila mtu anajua ukiwa haupo kwenye mchoro siku ya siku unaondolewa asubuhi na mapema, kwa hiyo hawa msiwasahau, wakiwa nje ya maoni yenu mtawakuta mbele ya geti lako wewe.

Jambo lingine la mkutano, na hili lilituuma. Ilizungushwa karatasi ya mahudhurio, juu haina kichwa cha habari, majina na saini tu. Baadaye tukakuja kuiona imeambatanishwa mahali ambapo inasomeka kama sisi wote tumeridhia. Sisemi ni nani. Nasema hivi: kabla hujasaini chochote, chukua kalamu yako andika juu kabisa MAHUDHURIO TU, tarehe, na piga picha kila ukurasa. Na muhtasari muandike wenu, msisubiri wa kwao.

Mradi mkubwa namna hii kawaida unafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka hivyo na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, ndo wanaoipitia. Mtamwona mshauri anapita na dodoso, mara nyingi ni kijana mpole ana begi la mgongoni na anataka kumaliza kabla ya foleni. Msimfukuze! Watu wetu wawili walimfungia geti wakajiona mashujaa. Huyu ndo mtu ambaye maneno yako anayaweka kwenye ripoti na majina ya waliohojiwa yanaambatanishwa nyuma. Mpe kiti, mpe maji, mpe fotokopi ya hesabu zenu za paking na picha za kalavati likiwa limefurika, mwambie aandike kwamba umempa.

Barua sasa. Ni ya kawaida tu, msitafute mwanasheria wa kuipamba. YAH: MAONI YA WAKAZI KUHUSU UJENZI KWENYE KIWANJA NAMBA fulani KITALU fulani, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, alafu ingia moja kwa moja. Ya kwetu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, mambo matano, kila jambo sentensi mbili: shida iko wapi, tunaomba nini. Ilipitia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ikaenda kata, nakala kwa diwani, kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa NEMC. Diwani msimpuuze, baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na kikao kiko wazi kwa wananchi kusikiliza, sisi tulienda wanne tukakaa kimya nyuma na mashati yetu ya Jumapili, diwani alipotuona akakumbuka kwamba ana swali la kuuliza.

Na kila barua nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua yetu ya kwanza niliiacha kwa mtu mapokezi, mezani, nikatoka kifua mbele. Wiki tatu baadaye naambiwa haijafika. Ofisi gani siitaji, na kosa nusu ni langu, nilikuwa na haraka kwa sababu boda alikuwa ananisubiri nje.

Kuhusu shimo nililosema. Tangu lile ghorofa lianguke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 watu wakisikia neno kuchimba wanaogopa, na wana haki. Msibishane na injinia kuhusu udongo, hamtamweza. Fanyeni vitu viwili. Kabla kijiko hakijaingia kila nyumba iliyo jirani na ukuta ipigwe picha kuta zake zote, ndani na nje, na kila ufa uliopo, weka rula au kiberiti pembeni ionekane ukubwa, picha tuma kwenye barua pepe ili tarehe ibaki. Ufa mpya ukitokea hakuna wa kukwambia ulikuwepo. Cha pili, kazi ikianza angalia ubao wa mradi, uwe na jina la mkandarasi na wahandisi, na majina hayo yaulizwe Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama yapo. Kama ubao haupo, hiyo yenyewe ni ya kupeleka manispaa siku hiyohiyo.

Masaa ya kazi yaombeni kwenye barua, usiku zege likimwagwa hakuna anayelala.

Grupu la WhatsApp nalo, fungueni jipya la hili jambo peke yake, watu wachache, na mtu mmoja wa kutoa taarifa. La mtaa liacheni na misiba, michango na luku iliyopotea. Na msikubali mtu yeyote aende kuonana na mwenye mradi peke yake "kwa niaba ya wakazi", hata awe mstaarabu vipi, nendeni watatu. Hela ya soda imeshavunja umoja wa mitaa mingi.

Kuna jamaa alinipinga kwamba haya mambo ni ya Ulaya na Marekani, huku kwetu hayafanyi kazi. Ni kweli huko yapo, zile mall za kuzungukwa na bahari ya paking wao ndo walizianzisha, Southdale kule Minnesota ilifunguliwa 1956 na siku hizi pembeni yake kwenye paking wamejenga apatimenti. Ila huko wakazi wakilalamika utasikia wanalilia nafasi ya kupaki. Sisi wengi wetu hata gari hatuna, tunalilia njia ya kupita. Kwa hiyo ukikopi maoni ya mtandaoni ukayapeleka manispaa utakuwa unadai kitu ambacho mtaa wako haukihitaji.

Mpaka leo hii tulipofika: mchoro mpya umeletwa serikali ya mtaa, geti la nyuma lipo, limeandikwa njia ya watembea kwa miguu. Tenki la maji lipo ila ukubwa hawajaandika. Boda wamewekewa nafasi sita badala ya kumi, kijiwe kimenuna. Mkungu wa mlinzi haupo, kwenye mchoro pale pamechorwa duara la kijani dogo ambalo hakuna anayejua ni mti gani. Kesho asubuhi napeleka barua ya pili, fotokopi nishatoa tatu, na boda nimemwambia anisubiri mpaka nitoke na muhuri.